Opereta na Gombo la Pili

Ukipiga simu hospitali kuu ukasikia sauti ya mwanamke ikikwambia, "Hospitali kuu, sema taratibu, nakusikia," ujue umempata Opereta. Miaka kumi na tisa anakalia kiti kile kile, kwenye kichumba kisicho na dirisha kati ya stoo ya mashuka na mapokezi, na hakuna daktari wala mfagizi asiyeijua sauti yake. Jina alilopewa na wazazi analo, lipo kwenye kitambulisho, ila nani analitumia? Hata mumewe, kinyozi aliyempeleka mshenga mwenyewe, humwita Opereta. Namba za ndani mia mbili na kumi zote zimo kichwani mwake. Ukimkaripia kwamba anakuchelewesha atakujibu, "Bwana, hata daktari ana miguu miwili tu," na atakuwa ameshakuunganisha kabla hujamaliza kukasirika.

Na haoni. Hajaona tangu surua ilipompitia akiwa na miaka mitatu. Nalisema mapema ili tulimalize, maana mwenyewe hapendi lizungushwe zungushwe. Mtu akimwambia "pole" kwa ajili ya macho yake, humwuliza, "Kwani umenikanyaga?"

Basi kanisani kwao kuna darasa la watu wazima kila Jumapili kabla ya ibada, na darasa hilo lina sheria moja: hakuna karatasi, hakuna kufundisha. Sheria yenyewe aliisababisha muuza mbao mmoja, mtu mwema sana, aliyesimama siku moja bila hata kipande cha karatasi akaanzia Edeni. Saa mbili baadaye alikuwa bado hajamtoa Nuhu kwenye safina. Ibada ikachelewa, watoto wakalia njaa, mzee mmoja akaanguka kutoka kwenye benchi kwa usingizi. Tangu siku hiyo, anayetaka kufundisha huweka masomo yake yaliyoandikwa mbele ya katibu, katibu akahesabu kurasa, akaitikia kwa kichwa, ndipo mtu akafungua kinywa.

Opereta aliomba kufundisha habari za nabii Yeremia, Jumapili nne.

Katibu, mwalimu mstaafu aliyezoea kusahihisha hata salamu za watu, alikuna kidevu. "Ni wazo zuri," alisema. "Tutamtafutia mtu wa kumsomea. Yeye atasimama pembeni."

Pembeni! Opereta alilisikia neno hilo likimshuka kama mwiba wa samaki. Akasema, "Mwalimu, mimi si pazia." Watu wakacheka, katibu hakucheka. Mchungaji ndiye aliyekata shauri: Opereta akileta masomo yote manne kwa maandishi yake mwenyewe, na akayasoma mwenyewe, darasa ni lake. Lakini sheria ni sheria. Yote manne yawe mezani kabla ya la kwanza kusomwa.

"Yatakuwepo," alisema Opereta, na akarudi nyumbani kifua mbele.

Kwa nini Yeremia? Alimpata kazini. Vitabu vya nukta nundu alikuwa akiazima kwa posta, na siku moja kililetwa cha nabii huyo, majalada manene kama mito ya kulalia. Akaweka jalada la kwanza mapajani, simu zikiwa zimetulia, akafika pale kijana anapoitwa na Mungu na kujitetea kwamba yeye ni mtoto, hajui kusema, na anakatazwa kabisa kulirudia neno hilo. Opereta alicheka peke yake mpaka mhudumu wa stoo akachungulia. Maana na yeye kazi hiyo ya simu aliikataa mara mbili kabla ya kuipokea. Kila alipoitwa alijibu, "Mimi kipofu." Hakuna aliyekuwa amemwuliza kuhusu macho. Walikuwa wamemwuliza kama anaweza kuanza Jumatatu.

Miaka miwili alimsoma nabii huyo, na kila mchana akitoka zamu ya asubuhi aliandika. Alikuwa na kibao chake cha chuma chenye vidirisha, na kalamu fupi yenye ncha ya msumari. Unabana karatasi, unatoboa nukta kwa nyuma, tok tok tok, ukianzia kulia kwenda kushoto, kisha unaigeuza karatasi na kuisoma kwa vidole kushoto kwenda kulia. Opereta alijivunia sana jambo hilo. "Hata Yeremia, kwa Kiebrania chake, aliandikiwa kutoka kulia," alimwambia mumewe. "Nyie wengine wote mnaandika kinyumenyume."

Ila karatasi nene za kazi hiyo ni adimu, kwa hiyo alitumia alichopata: kalenda kubwa za miaka iliyopita na fomu nene za hospitali zilizokwisha muda. Akimaliza ukurasa aliusoma kwa sauti, barazani, kusikia kama unakwenda. Folda yake ya kurasa ilipojaa, zilizokamilika alizihamishia kwenye boksi chini ya meza. Nyumba nzima ilijua. Tatizo ni kwamba nyumba iliongezeka mtu.

Mama mkwe alikuja mwanzo wa mvua, kusubiri zamu yake ya kutolewa mtoto wa jicho. Opereta mwenyewe ndiye aliyempatia nafasi hiyo kwa kuipigia kliniki ya macho mpaka ikachoka. Mama alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mkubwa wa bidii. Hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na sasa ulimwengu aliuona kama kupitia maji ya mchele, lakini kukaa bure hakuweza. Mchana aliketi barazani akichambua maharage kwa vidole huku mkaza mwana wake akimsomea kurasa za zamani tangu ya kwanza na kutoboa mpya, kila mmoja na kazi yake, na Yeremia katikati. Alfajiri, Opereta akishatoka kwenda kazini, Mama alimwashia mwanawe jiko la mkaa amchemshie maji ya kuoga.

Na mkaa ulikuwa umepigwa na mvua. Mkaa mbichi hauwaki kwa maombi. Unataka karatasi.

Ilikuwa Ijumaa, siku tisa kabla ya Jumapili yake, Opereta alipoinama chini ya meza ili ayapange masomo yote manne. Boksi likaja mkononi jepesi. Akalipapasa ndani mpaka pembeni.

"Mama," aliita. "Humu kulikuwa na karatasi."

"Zile kalenda?" Mama alijibu kutoka uani, kwa furaha kabisa. "Zimeisha, mwanangu, nilitaka nikwambie uniletee nyingine. Zinashika moto! Hata mafuta ya taa hayaoni ndani."

Opereta alikaa chini sakafuni. Kumbuka kwamba Mama hakuwa mjinga. Hata asiyejua kusoma anaijua kalenda ya zamani: ya mwaka huu iko ukutani, ya zamani iko kwenye boksi chini ya meza. Zile nukta macho yake hayakuziona, na vidole vyake vilivyokuwa na ganzi ya baridi ya alfajiri havikuzitafuta. Yote hayo Opereta aliyajua papo hapo, na hayakumsaidia kitu.

"Mama," alisema, na ile sauti ya hospitali kuu ikapasuka, "zile zilikuwa masomo yangu! Nabii mzima umemchemshia maji ya kuoga!"

Bakuli la maharage lilianguka. Ningependa kuwaambia kwamba Opereta aliishia hapo. Hakuishia hapo. Alisema mengi, na la mwisho lilikuwa hili: "Ungekaa kwako!"

Kinyozi aliingia wakati huo huo, shati limejaa nywele za watu, akasimama katikati ya mama yake na mkewe asijue ashike upande gani. "Mama hakujua," alisema.

"Najua hakujua!" Opereta alilia. "Ndiyo maana sina hata mtu wa kumkasirikia!"

Siku ya pili yake, Jumamosi, Mama alifunga mkoba. Upasuaji wake ulikuwa Alhamisi, lakini alisema macho yaliyomtia aibu nyumbani kwa mwanawe hayastahili kutibiwa, atayarudisha alikoyatoa. Mwanawe alimwomba Mungu kimoyomoyo na kusogeza muda: "Nimalize wateja kwanza, Mama. Saa kumi nitakusindikiza stendi." Kwa hiyo Mama aliketi barazani mkoba mapajani, tayari kwa safari, mgongo umenyooka.

Opereta naye alikuwa pale pale, hatua tatu tu. Folda ilikuwa imebaki na kurasa kumi na moja kati ya sitini. Alikuwa ameamka na nia ya kumpigia mchungaji na kusema basi. Mkono ukaishika simu, ukaiacha. Angesema nini? Kwamba karatasi zimeungua? Katibu angekuwa mpole sana kwake, na upole wa katibu ndio aliouogopa kuliko kitu chochote. Angepewa mtu wa kumsomea. Angesimama pembeni.

Akaanza kusoma zilizobaki, kwa sauti, labda kichwa kitamrudishia zilizotangulia. Kurasa zile zilikuwa za mwisho mwisho: Yeremia katupwa ndani ya kisima kisicho na maji, anazama kwenye tope, na yule mgeni wa ikulu, Mkushi, anakwenda kumwopoa kwa kamba. Alisoma, akafika penye pengo, akajaribu kukumbuka.

"Basi akamshushia kamba..." alisema. "Akamshushia kamba, naye..."

"Hapana," ilisema sauti.

Opereta aliinua vidole kutoka kwenye ukurasa.

"Umeruka," Mama alisema, bado anatazama barabarani. "Kabla ya kamba ulisema vitambaa. Yule mgeni alipita kwanza stoo, akaokota matambara makuukuu, akamwambia nabii ayaweke kwapani kamba isimchune. Ukasema: watu wengi wanajua kukuvuta kutoka shimoni, ni wachache wanaokumbuka kwapa zako. Uliniangusha na hilo. Nilikaa nalo siku nzima."

"Mama. Unakumbuka?"

"Nisikumbuke vipi? Ulisoma mpaka majirani wamejua."

"Na kabla ya hapo? Barua?"

"Ile ya watu waliochukuliwa mateka? Wakaambiwa wajenge nyumba, wapande bustani, na mji huo huo wauombee mema. Ukasema wewe ulipopelekwa kwenye kile kichumba cha simu ulikichukia mwaka mzima, mpaka ukaanza kumwombea kila anayepiga kabla hujamwunganisha. Ukaacha kukichukia." Mama alitua mkoba chini. "Mimi sina daftari, mwanangu. Nikikisahau kitu, kimekwenda moja kwa moja. Kwa hiyo sisahau."

Opereta aliinuka, akapapasa ukuta, akafika alipoketi Mama, akapiga magoti. Alishika mikono ile iliyowasha jiko, na akaomba msamaha kwa lile neno la mwisho, hasa hilo. Mama akamwambia, "Hilo sikulisikia." Alikuwa amelisikia. Kisha akasema, "Chukua kibao chako. Unaleta machozi hapa, nani ataandika?"

Saa kumi Kinyozi alirudi kumsindikiza mama yake stendi. Alikuta mkoba umefunguliwa na wanawake wawili wakimfukuza kwa mikono.

Wakafanya kazi siku nane. Opereta akirudi tu zamu, Mama anaanza kusema, tok tok tok inafuata. Karatasi ilipokwisha, Mama mwenyewe, na ukungu wake machoni, alipita nyumba kwa nyumba mtaani kuomba kalenda za zamani. "Msinipe za kuwashia," aliwaambia watu. "Za kuwashia nimeshachoma." Kinyozi alibandua hata ile iliyokuwa ukutani saluni kwake, wateja wakipiga kelele kwamba mwezi haujaisha. Alhamisi Mama alipasuliwa jicho la kwanza. Alhamisi hiyo hiyo jioni, bandeji kichwani, aliuliza, "Tulifika wapi?"

Si yote yaliyorudi. Wafalme, kwa mfano, walipotea karibu wote. "Hao sikuwashika," Mama alikiri. "Walikuwa wengi, majina yao yanafanana, na hakuna hata mmoja aliyesikiliza." Opereta alijitahidi kuwarudisha na miaka yao, maana masomo ya kwanza aliyajaza tarehe makusudi, ili katibu aone kazi. Sasa, akisikia masomo yake mwenyewe kwenye kinywa cha mtu mwingine, aligundua kitu kilichomfanya atabasamu kwa aibu: tarehe zile hazikuwa zimemfikia mtu. Vitambaa vilifika. Kichumba cha simu kilifika. Kile chungu kilichoharibika mikononi mwa mfinyanzi, akakifinyanga upya kwa udongo ule ule bila kuutupa, kilifika, na Mama alikiongezea habari za dada yake aliyeachika na kuolewa tena vizuri. "Hiyo sikusema," Opereta alipinga. "Najua," Mama akajibu. "Iandike."

Wakabishana mahali pamoja tu. Palikuwa na habari ya yule mfalme aliyesomewa gombo la Yeremia wakati wa baridi, mbele ya makaa, na kila walipomsomea kipande akakikata kwa kisu na kukitupa motoni, mpaka likaisha lote. Opereta aliiruka.

"Umeruka tena," Mama alisema.

"Hiyo tuiache, Mama."

"Kwa nini? Unaniona mimi humo?" Mama alikaa wima. "Mimi si mfalme yule. Yule alichoma kwa sababu hataki kusikia. Mimi nilisikia kila neno, nikachoma kwa kutojua. Hatufanani hata kidogo. Iandike, na jiko langu liandike. Kwani huyo nabii baada ya kuchomewa alifanyaje?"

"Alichukua gombo jingine. Alisema upya, na mwandishi wake Baruku akaandika, na maneno mengine mengi yakaongezwa."

"Unaona sasa," Mama alisema.

Jumapili ilipofika, Opereta aliweka kurasa arobaini na tatu mbele ya katibu. Alimsikia akizigeuza.

"Hizi," katibu alisema taratibu, "ni kalenda."

"Ndiyo, Mwalimu. Wewe usiziangalie. Zipapase."

Akapapasa. Alikuwa mtu wa haki, yule mzee, tumpe lake. Alihesabu moja moja mpaka arobaini na tatu, akasema, "Zimetimia," na akamshika mkono akampeleka mbele. Pale mbele akamwachia, akarudi yeye kukaa pembeni.

Opereta alisoma. Vidole vilikimbia juu ya nukta na ile sauti ya hospitali kuu ikajaa ukumbi bila kipaza sauti, na wapo waliopigwa na butwaa kutambua kwamba ndiyo iliyowaambia mtoto amezaliwa, au mzee amefariki, nakuunganisha na daktari, jikaze. Aliwaambia jinsi alivyokuwa akijibu "mimi kipofu" kabla hajaulizwa, na jinsi Mungu alivyomwambia aache. Hilo kwenye masomo ya kwanza halikuwemo. Kisha, kwa kutaka kuwaonjesha masomo yajayo, alichukua zile za shimoni, na ama zilishikamana, ama ni furaha, alifunua mbili kwa mara moja.

"Basi akamshushia kamba," alisoma.

Kutoka benchi la mbele, chini ya bandeji, mtu alikohoa. "Vitambaa," alisema.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Opereta alicheka kuliko wote. Akarudisha ukurasa, lakini kabla hajausoma aliinua uso kuelekea kikohozi kilikotoka.

"Huyo ni mama mkwe wangu," alisema. "Masomo haya niliyaandika miaka miwili na yakaungua karibu yote kwenye jiko letu, atawasimulia mwenyewe, haoni aibu. Haya mnayosikia yametoka kinywani mwake. Yeremia alisema, Baruku akaandika. Nyumbani kwangu mama huyu alisema, mimi nikaandika. Hajui kusoma, na mimi sioni, na bado mwalimu amehesabu kurasa arobaini na tatu! Mama, simama wakuone."

Mama alisimama. Alijifanya anarekebisha bandeji, lakini alisimama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na makofi yalipopungua alibaki amesimama mpaka yakaanza tena. Kinyozi, nyuma kabisa, aliwageukia watu asiowajua na kuwaambia, "Wale wangu. Wote wawili wangu."

Jumapili zote nne zilifundishwa. Jicho la pili la Mama lilipasuliwa mwezi uliofuata, na sasa anaona mpaka uzi wa sindano. Hajarudi kwake. Bado ndiye anayewasha jiko alfajiri, Opereta akiwa anafunga viatu vya kwenda kazini. Na kila karatasi inayomjia mkononi, iwe ya sukari, iwe ya sabuni, anaitazama kwa macho yake mapya pande zote mbili, kisha anayafumba na kuipitishia kidole gumba juu mpaka chini. Asipohisi kitu ndipo anaichoma.